Mkaa wa Leo Leo

Mume wangu hajui kuchemsha chai. Nasema hivi bila chuki, ni taarifa tu. Lakini siku aliponunua pipa kuukuu, akalikatisha kwa fundi wa kuchomelea, likawekewa miguu, magurudumu mawili, bomba la kutolea moshi na kipimo cha joto, alianza kuzungumzia nyama kwa sauti ya mtu aliyeisomea. Alinieleza kwamba nyama ikitoka motoni lazima ipumzike kwanza. Mimi nilikuwa nimetoka kazini Dar, nimesimama kwenye basi tangu Mbezi, sijavua hata viatu. Nikamwuliza nyama imefanya kazi gani mpaka ipumzike.

Angekuwa peke yake ningevumilia. Kumbe hapa mtaani kwetu Tangini walikuwa wengi wenye mapipa. Walijuana kwa moshi, wakasogeleana, na kabla sijajua kinachoendelea lilikuwapo kundi la kwenye simu, lenye jina refu la kutaja mshikamano na maendeleo. Mwenyekiti wao alikuwa mstaafu mwenye nyumba ya ghorofa pale kona, mtu wa tumbo na busara za kwenye vikao. Katibu wao alikuwa mtumishi wa umma ambaye kazi yake, Jumatatu hadi Ijumaa, ni kuzunguka vijijini akiwahimiza kina mama waache mkaa watumie gesi. Alikuwa na fulana yake ya kazi yenye maneno ya nishati safi mgongoni. Siku za kuchoma nyama aliivaa hiyohiyo, maana alisema haishiki madoa.

Hawa mabwana nyumbani kwao walikuwa na majiko ya gesi. Wake zao walipikia gesi, watoto wao walichemshiwa maziwa kwa gesi. Mkaa ulikuwa wa wanaume, wa Jumapili, na ulikuwa na masharti. Haukuweza kununuliwa kwa kopo pale kwa muuzaji wa mtaani kama watu wengine wanavyonunua. Uliagizwa kwa pamoja, magunia kwa magunia, kutoka kwa bwana mmoja wa Gwata mwenye kirikuu, kile kigari kidogo cha mizigo. Ulipofika, Mwenyekiti alichukua vipande viwili, akavigonganisha karibu na sikio lake, akafumba macho. Ukilia kama chuma, anatikisa kichwa kukubali. Wengine wote wanamwangalia kama daktari aliyeshika mkono wa mgonjwa.

Baada ya hapo ndipo ugawaji. Aliyewahi kuona gunia la mkaa anajua lilivyo: juu ya mdomo wa gunia kuna kilemba cha vipande vikubwa vilivyofungwa kwa kamba na nyasi, vya kupendeza macho, na chini kabisa kuna chenga na vumbi. Ili asiwepo mwanachama wa kula kilemba na mwingine wa kula vumbi, kila kitu kilimwagwa kwenye turubai, wakachota kwa karai, kwa zamu, huku Katibu akitazama karai la kila mtu. Nimehudhuria mirathi zilizokwisha upesi kuliko ugawaji ule. Watu wazima, wenye wajukuu, walisimama wakibishana juu ya kipande kimoja cha mkambala, mti wenye mkaa mgumu.

Ningecheka tu na kupita, kama si banda la mama.

Mama ni mama mkwe wangu, mzaliwa wa Kisarawe, na alikaa huko umri wake wote mpaka alipoteleza akaumia nyonga. Mume wangu ndiye mtoto wake pekee aliye karibu. Tulimfuata aje aishi nasi, akakataa. Tukarudi, akakataa tena. Hakukataa kwa sababu ya mji wala nyumba. Alisema, "Mie siwezi kukaa mahali nawekewa chakula mbele kila siku kama mgonjwa wa wodini. Mie napika." Tukamwambia jiko lipo, kubwa, la gesi. Akatutazama tu.

Ni mimi niliyemwambia mume wangu, mjengee jiko lake. Tukajenga banda uani, karibu na mpapai: nguzo za miti, kuta za mabanzi, paa la makuti. Mama mwenyewe alichagua mafiga yake matatu kutoka kwake Kisarawe, akaja nayo ndani ya bajaji yamefungwa kwenye kanga. Akaja na kinu, na mbuzi ya kukunia nazi, na chungu alichorithi kwa mama yake. Siku alipoingia akaniambia mbele ya mwanawe, "Haya, nimekuja. Lakini siku nikikosa jiko langu, mnirudishe kwangu. Msinibembeleze."

Sikumbembeleza, na hakukosa kitu. Mimi ni mtu wa bara, mama yangu mzazi yuko mbali, na sikuwa nimejua kwamba nilikuwa mpweke katika nyumba yangu mwenyewe mpaka nilipopata mahali pa kwenda nikitoka kazini. Nilikuwa nafika, naweka mkoba, naenda bandani moja kwa moja. Mama ananisogezea kibao, naketi, moshi unanitoa machozi, tunatwanga kisamvu au tunasafisha kambale wa Ruvu, na ananicheka. "Wee mtu wa bara, nazi haikamuliwi hivyo. Unafua shuka?" Kwa maneno hayo ya kejeli nilipumzika kuliko nyama yoyote ya mume wangu. Nilimpenda yule mama, na nilimhitaji, na ninasema hivyo wazi kwa sababu baadaye watu walizungumza kana kwamba kilichopotea ni makuti.

Basi, mwaka ule kundi lilikumbwa na janga. Agizo moja liliingia likiwa limenyeshewa mvua njiani. Mkaa ukawa unatoa moshi na kulia chwiii kwenye mapipa yao, nyama ikawa na ladha ya soksi. Kikao kiliitishwa kwetu. Wakazungumza kwa uchungu sana. Katibu ndiye aliyepata dawa: tatizo ni mkaa kukaa. Mkaa unatoka tanuruni, unalala porini, unalala barabarani, unafika kwetu umechoka. Tuagize mkaa mpya, uliotoka tanuruni siku hiyohiyo, kama mtu anavyofuata mkate kwenye tanuri la mwokaji.

Wote wakaona ni akili kubwa. Hapakuwa na hata mmoja aliyewahi kuchoma mkaa maishani mwake, kwa hiyo hapakuwa na wa kupinga. Nilikuwa napita na sinia la glasi wakati Katibu alipompigia simu bwana wa Gwata, spika wazi ili kikao kisikie.

"Tunataka wa leo leo," Katibu alisema.

"Leo leo, bosi?"

"Leo leo. Usilale hata kidogo."

Yule bwana akasema, "Hewala. Nyie ndio wateja." Nadhani alijua wateja wa mjini wana mambo yao, na hajalipwa kuyapunguza.

Tatizo lilikuwa pa kuweka. Kirikuu haiji kwa magunia machache, na Jumamosi ile wanachama wengi walikuwa harusini, ugawaji ungefanyika Jumapili baada ya nyama. Mwenyekiti alisema kwake kuna magari. Katibu alisema kwake mkewe amekataa vumbi. Ndipo mume wangu, ambaye alikuwa anakitamani cheo chochote katika kundi lile, akajitolea. Alisema kwetu kuna banda.

Mama alikuwa ameondoka siku chache kabla, kwenda Mlandizi kwenye arobaini ya ndugu yake. Nilimwambia mume wangu, mama akirudi akikuta magunia ndani ya jiko lake, ataondoka. Akaniambia, "Ni usiku mmoja tu, mke wangu. Atarudi Jumatatu, atalikuta kama alivyoliacha." Nikamwambia ayaweke sebuleni basi, juu ya zulia lake, kama ni usiku mmoja tu. Akaniambia nisiwe hivyo.

Kirikuu ikaja Jumamosi jioni. Wale waliokuwapo walishusha magunia kwa shangwe kwa sababu yalikuwa ya uvuguvugu. "Bado yana joto!" walisema, wakiitana waje washike. Kila mmoja akaweka kiganja kwenye gunia. Mwenyekiti akaweka shavu. Wakafungua vilemba vyote ili kugonganisha vipande, vikalia vizuri, wakayaacha magunia midomo wazi ili, kwa maneno ya Katibu, mkaa upate hewa. Kinu cha mama wakakisukuma pembeni. Chungu wakakiweka juu ya kinu. Mafiga wakayatumia kuegemezea magunia yasianguke.

Jumapili wakakusanyika kwetu. Kuchoma nyama ni kazi ya wanaume, hilo linajulikana. Mimi nilibakiwa na vitu vidogo tu, yaani kuosha nyama, kuikata, kuitia viungo, kumenya ndizi, kukata kachumbari, kuosha sahani na kutafuta ndoo ya barafu ya soda. Maji ya bomba hayakutoka siku ile. Mitambo iko Ruvu, hapo tu, mabomba yanapita kwetu yakienda kuwanywesha watu wa Dar, na sisi tunayasikia yakipita. Nilikuwa natumia ya kwenye ndoo.

Wao walikuwa wanawasha pipa. Kundi lilikuwa na kanuni kwamba mkaa mpya hauguswi mpaka wa zamani uishe, na wa zamani ulikuwa uleule ulionyeshewa. Mafuta ya taa yalikuwa mwiko, yanaharibu ladha. Waliwasha kwa karatasi, ukazimika. Wakawasha kwa maboksi, ukazimika. Mmoja akapuliza mpaka akaketi chini. Katibu akaleta mashine ya mkewe ya kukaushia nywele, ikavutwa waya kutoka sebuleni, wakapokezana kuielekeza kwenye pipa huku wakibishana upepo unatoka upande gani. Kipimo cha joto hakikusogea. Nyama ilikuwa imepumzika vya kutosha.

Kisha ukatokea moshi.

Niliona kwa dirisha la jikoni jinsi nyuso zao zilivyong'aa. Moshi ulikuwa mzito, mweupe, unazunguka vichwani mwao, na wote walikuwa wameligeukia pipa, wamelipa banda kisogo. "Umeshika!" mume wangu akapiga kelele. "Umeshika wadau!" Wakapigana viganja. Mwenyekiti akamwambia Katibu apige picha ya kupeleka kwa wale waliokosa. Wakajipanga mbele ya pipa, vifua nje, koleo mikononi. Picha hiyo ninayo mpaka leo. Mwenyekiti kanyoosha dole gumba. Mume wangu katikati kavaa aproni, anacheka kwa meno yote. Nyuma yao, juu ya mabega yao, paa la banda la mama linawaka. Chini Katibu ameandika: Moto wa kisasa.

Nilitoka na kisu cha kachumbari mkononi nikipiga mayowe. Walidhani nina ugomvi nao, wakarudi nyuma. Nilipoonyesha kwa kisu ndipo wakageuka.

Makuti hayangoji kikao. Tulimwaga ndoo zangu zote, tukamwaga mchanga, jirani akarusha maji kutoka juu ya ukuta. Nilimwona Katibu akikimbia na ile ndoo ya barafu, nikasema angalau huyu. Akasimama karibu na moto, akaanza kutoa chupa za soda moja moja na kuzipanga chini vizuri, kisha ndiyo akamwaga. Paa likaanguka ndani. Kuta zikafuata. Nyumba haikuguswa na mtu hakuungua, na hilo nilimshukuru Mungu hata wakati ule nikiwa nalia.

Kilichobaki ni rundo la mkaa mwekundu, mkubwa, uliojiwasha wenyewe bila karatasi wala mashine ya nywele. Kinu kilikuwa kimeungua nusu. Mbuzi ya nazi ilibaki ulimi wa chuma. Chungu cha bibi yake mume wangu kilikuwa vigae. Mafiga matatu yalikuwa palepale, meusi zaidi kidogo.

Tulisimama kulizunguka rundo lile. Mwenyekiti akakohoa, akasema, kwa ile sauti yake ya kufunga mkutano, "Jamani, ajali ni ajali. Lakini moto huu nao usipotee bure."

Wakachukua wavu wa pipa wakauweka juu ya mafiga ya mama. Wakapanga nyama. Sikuamini macho yangu. Iliiva upesi, harufu ikajaa mtaa mzima, na wakasema wote kwamba haijawahi kutokea nyama kama ile tangu kundi lianzishwe. Mume wangu alikuwa amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, masizi usoni. Mtu akampa ubavu. Nilimwangalia. Nilikuwa nasema moyoni, usiule, ukiuweka chini nitakusamehe. Akauangalia, akaula.

Hapo ndipo bajaji iliposimama getini. Arobaini ilikwisha mapema, mama akapata usafiri, akaja siku moja kabla. Aliingia polepole kwa ile nyonga yake, na kikapu cha mihogo. Wanaume wote wakasimama kwa adabu, midomo inang'aa mafuta.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba wanangu."

"Mama, karibu nyama," Mwenyekiti akasema. Alisema hivyo kweli, akamnyooshea sahani.

Mama alitazama mafiga yake na wavu uliokuwa juu yake. Akatazama majivu. Akauliza, "Kuna mtu kaungua?"

"Hapana, mama."

"Alhamdulillahi." Akaweka kikapu chini. "Sahani mpeni mwenzenu huyo niliyemzaa, mie nimekula njiani." Akaingia ndani. Nilimfuata chumbani, nikamkuta ameketi kitandani na kilemba chake hakijafunguliwa. Nikaanza kusema pole huku nalia. Akanipigapiga goti. "Nyamaza, mwanangu. Wewe hukunikosea," akaniambia. Asubuhi nilimkuta amekwisha kukunja kanga zake, na mafiga matatu yako mlangoni yameoshwa.

Mume wangu alisema mengi. Alisema banda litajengwa wiki hiyohiyo. Alipiga magoti, na sikumsaidia. Mama alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akamwambia ampeleke au atapanda basi.

Kundi lilionyesha uungwana wake. Walikutana, wakaazimia kujenga upya, na walijenga kweli: tofali, bati la rangi, mlango wa chuma na kufuli mbili. Ndani palipakwa chokaa na kuwekwa rafu za magunia. Kona moja, karibu na mlango, iliachwa wazi, na Katibu akanieleza kwa fahari, "Hapo ni pa mama, shemeji. Akitaka kurudi wakati wowote, mradi asiwashe moto, maana ni ghala." Walikuwa wamepata funzo, akasema. Sasa mkaa unakaa siku kadhaa nje kwanza. Akaniuliza pia, kwa kuwa nafahamiana na watu wa kule, kama Kisarawe kuna wachomaji wazuri.

Tunakwenda kumwona kila tunapoweza, kupitia Mlandizi na ile barabara ya vumbi inayopinda Mzenga. Anaishi peke yake. Binti wa dada yake humchungulia asubuhi. Nikiwa ofisini, simu ikiita namba nisiyoijua, moyo wangu huenda kwanza kwenye ile nyonga. Na nikitoka kazini bado naweka mkoba na kuelekea uani, mpaka nakutana na kufuli mbili.

Safari ya mwisho mume wangu alimpelekea zawadi. Gunia zima la mkaa, lenye kilemba, wa mkambala mtupu. Alikuwa amelichagua mwenyewe na kugonganisha vipande vyake mwenyewe. Tulimkuta mama jikoni kwake, chini ya makuti mengine, moto wa kuni unawaka katikati ya mafiga yaleyale. Mume wangu akasimama mlangoni na gunia begani, anatota jasho, anangoja.

"Ahsante, baba," mama akamwambia. "Umefanya vizuri. Liweke nje huko, mbali na jiko langu."

Akalipeleka karibu na kisima.

"Mbali zaidi."

Akalibeba tena, akapita minazi, akapita mihogo.

"Zaidi kidogo, baba."

Kisha mama akanigeukia, akanisogezea kibao kwa mguu, akanipa nusu ya nazi. Alikuwa amenunua mbuzi nyingine. Nikaketi nikaanza kukuna, naye akaniambia nakuna kama mtu anayepiga deki. Nilipoinua kichwa, mume wangu alikuwa kule mpakani kwenye mikorosho, gunia liko miguuni, anatutazama, anasubiri aambiwe kama pale panatosha. Mama alikuwa anachochea moto wake.